Udongo ungali maji: namna ya kufundisha uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni

Muhula mmoja niliwarudishia wanafunzi 140 insha zao. Kila insha nilikuwa nimeisoma kwa dakika 20 hivi, kalamu nyekundu mkononi. Ukipiga hesabu ni saa 46 na ushei. Nilirekebisha kila neno lililokosewa na kuandika maoni pembeni mpaka nafasi ikaisha. Kipindi kilipomalizika nilipita kwenye korido nikakuta insha tatu zimeachwa juu ya benchi. Wenyewe walikuwa wametazama alama, wakaenda zao. Sikuwalaumu. Kazi ilikuwa imekwisha, na hapakuwa na lolote ambalo wangeweza kulifanya kwa maoni yangu.

Mwongozo huu umetokana na mambo niliyobadilisha tangu siku ile. Ni wa mwalimu anayefundisha uandishi kwa Kiswahili chuoni, iwe ni kwenye stadi za mawasiliano, utungaji au somo lolote linalodai insha na ripoti. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Nguvu ya mwalimu wa uandishi iende kwenye rasimu. Nakala ya mwisho ni chungu kilichokwisha kuchomwa.

Kabla ya yote: mjue anakotoka

Tunapenda kulalamika kwamba wanafunzi wetu hawajui kuandika. Wanajua. Wanajua aina moja ya uandishi, na ndiyo iliyowafikisha chuoni. Kenya, mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, huingia kwenye karatasi ya kwanza ya Kiswahili akiwa na saa moja na dakika 45 za kuandika insha mbili, kila moja ya alama 20. Tanzania naye amezoeshwa swali linalotaka hoja kadhaa, kila hoja na mfano wake, utangulizi juu na hitimisho chini. Huku na huko anaandika mara moja tu, hana muda wa kurudi nyuma, na msomaji wake ni mtu anayelijua jibu tayari.

Katika mazingira hayo, kuanza na fasili ni akili. Ndiyo maana insha nyingi za mwaka wa kwanza hufunguliwa kwa "Kwa mujibu wa wataalamu mbalimbali, lugha ni mfumo wa sauti nasibu...", hata pale swali lisipohusu maana ya lugha. Fasili ni ngao. Ukimnyang'anya siku ya kwanza kabla hujampa kitu kingine cha kushika, atanyamaza kabisa.

Kwa Tanzania kuna jambo la ziada. Mwanafunzi huyu amesoma historia, jiografia na baiolojia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Kiswahili cha kujengea hoja amekikuta kwenye kipindi cha Kiswahili peke yake. Anapotakiwa kuandika kurasa nne za uchambuzi, Kiingereza kinampenyeza sentensi zake: mkutano "unachukua nafasi" badala ya kufanyika, na kila aya ina "mwisho wa siku" yake. Asichekwe kwa hilo. Hajapewa nafasi ya kufikiri kitaaluma kwa Kiswahili, na huenda darasa lako ndilo la kwanza.

Hatua ya kwanza: waandike mbele yako, juu ya kitu wanachokijua

Wiki ya kwanza, kabla ya kueleza lolote kuhusu insha, gawa karatasi na utoe dakika 20. Swali liwe hili: eleza kazi moja unayoijua kuliko mimi, ili niweze kuifanya. Usitoe alama. Waambie mapema kwamba hutatoa.

Utasoma mambo ambayo hukuyategemea. Kijana mmoja kutoka Mwanza aliwahi kuniandikia juu ya uvuvi wa dagaa: kwamba hutoka usiku wa giza na karabai, kwa sababu dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwa kali taa inakosa nguvu ya kuwaita. Alieleza namna ya kuzitenganisha taa majini ili zisigombanie samaki, na kwa nini dagaa walioanikwa juu ya chanja hupata bei kuliko wa mchangani. Sentensi zilikuwa fupi, zimenyooka. Makosa ya tahajia yalikuwemo, lakini sikupotea hata mara moja. Wiki tano baadaye kijana huyohuyo aliniletea insha yenye fasili nne na hoja sita ambazo ningeweza kuzitabiri kabla sijafungua ukurasa.

Zitunze karatasi hizo za kwanza. Mwanafunzi akikwama katikati ya muhula, mrudishie yake, mwambie: huyu anayejua kueleza ndiye ninayemtaka.

Hatua ya pili: tengeneza swali lisilojibika kwa desa

Hapa ndipo walimu wengi tunapoharibu, nami nimeharibu kwa miaka mingi. "Jadili umuhimu wa lugha katika jamii" ni swali ambalo jibu lake linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu mwaka juzi. Mwanafunzi anayedesa, yaani anayenakili jibu lililokwisha kuandikwa, amelipima swali na kuona kwamba halimhitaji yeye.

Swali zuri lina mambo matatu: jambo la kwenda kulitazama kwa macho, msomaji anayejulikana, na mgogoro ambao mtu anaweza kukosea akiuamua. Mfano ninaoupenda ni wa vibao vya maduka. Mwanafunzi achague barabara moja anayoijua, aitembee na daftari, ahesabu vibao vilivyoandikwa kwa Kiswahili kitupu, kwa Kiingereza kitupu na vilivyochanganya. Kisha amwandikie mtu anayeamini kwamba Kiswahili kinapoteza nafasi mitaani, amweleze kama ushahidi wa barabara hiyo unamuunga mkono au la. Kurasa tatu, wiki nne.

Angalia kinachotokea. Hakuna wanafunzi wawili wenye data moja. Aliyetembea Kariakoo ataona mambo tofauti na aliyetembea barabara ya soko la Babati. Fasili ya lugha haina pa kukaa. Isitoshe, mwanafunzi anakuwa na kitu ambacho mwalimu hana, na hapo ndipo uandishi unapopata sababu ya kuwepo.

Kama unafundisha uuguzi, kilimo au uhasibu, tafuta vibao vya kwako: foleni ya dirisha la dawa, bei ya mbolea kwenye maduka matatu, daftari la mauzo la mama ntilie aliyekubali kulionyesha.

Hatua ya tatu: soma aya moja kama fundi

Kabla hawajaandika, chukua makala fupi ya gazeti au sehemu ya ripoti iliyoandikwa vizuri, itoe fotokopi. Mkisoma, acha swali la "aya hii inasema nini". Uliza "aya hii inafanya kazi gani?" Inapinga? Inatoa mfano? Inamwandaa msomaji kwa jambo gumu? Kipindi kimoja kinatosha.

Hatua ya nne: rasimu isiyo na alama

Anza kwa dakika kumi za kuandika bila kunyanyua kalamu. Hakuna kufuta wala kusoma nyuma. Ukikosa la kusema, andika "sijui niseme nini" mpaka lije. Peter Elbow, mwalimu wa uandishi, alilieneza zoezi hili vyuoni Marekani tangu miaka ya 1970, na kwetu linafanya kazi kwa sababu ileile: linautenga mkono unaoandika na jicho linalohukumu. Wanafunzi wetu wana jicho kali mno. Wengi hufuta sentensi ya kwanza mara saba.

Zikiisha dakika kumi, kila mmoja amgeukie jirani na kumwambia kwa mdomo: "Ninachotaka kusema ni kwamba..." Sentensi moja. Asipoweza kuimaliza, bado hajawa na hoja. Arudi kwenye daftari lake la vibao. Akiweza, aiandike juu ya karatasi kabla haijapotea. Mara nyingi sentensi hii ya mdomoni inaipita kwa mbali ile ambayo angeiandika.

Kisha aende akaandike rasimu ya kurasa mbili. Hutaipa alama ya ubora. Utampa alama ya kuileta kwa wakati, basi.

Hatua ya tano: wasomeane

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hatua hii ndiyo iliyobadilisha madarasa yangu, na ndiyo niliyoikosea zaidi mwanzoni.

Nilianza kwa kuwaambia wabadilishane rasimu na kukosoana. Matokeo yalikuwa "imekaa vizuri, hongera" kutoka kila kona. Nilidhani ni uvivu. Baadaye nikaelewa kwamba nilikuwa nimewaomba wavunje heshima. Darasani kuna kijana wa miaka 19 na kuna mama aliyefundisha shule ya msingi miaka 15 kabla ya kurudi chuoni. Kijana huyo humwamkia shikamoo kila asubuhi. Atawezaje kumwambia kwamba aya yake ya tatu haina hoja?

Kwa hiyo niliacha kuomba ukosoaji. Siku hizi msomaji anapewa kazi tatu tu, na hakuna hata moja inayomtaka atoe hukumu. Aseme kwa sentensi moja alichoelewa. Aweke alama ya penseli mahali aliposimama na kurudia kusoma. Aulize swali moja ambalo kweli anataka kujua jibu lake. Mwandishi anakaa kimya na kuandika anayoyasikia. Haruhusiwi kujitetea, kwa maana hatakuwepo kumwelezea kila atakayesoma andiko lake.

Siku ya kwanza ya utaratibu huo nilisimama karibu na kundi lenye mama yule na kijana yule. Kijana aliitazama karatasi kwa muda, kisha akasema taratibu, "Mama, hapa nilipotea." Mama aliangalia pale alipoonyeshwa, akasema, "Kumbe." Akachukua kalamu. Kijana hakuwa amemkosoa mkubwa wake. Alikuwa ametoa habari zake mwenyewe, za msomaji aliyepotea njia. Maneno hayo mawili, "hapa nilipotea", nimeyaandika ubaoni kila muhula tangu wakati huo.

Mambo madogo yanayosaidia: makundi ya watu wanne, si zaidi. Changanya walioajiriwa na waliotoka shuleni moja kwa moja. Na lazima rasimu isomwe kwa sauti, angalau aya mbili. Kiswahili hujisahihisha mdomoni. Mtu aliyeandika "vitu hizo" bila wasiwasi husita mwenyewe akifika pale, kwa sababu sikio lake linazijua ngeli kuliko kalamu yake. Vivyo hivyo kwa sentensi ndefu zenye "ambapo" tatu: pumzi inakata kabla ya nukta.

Hatua ya sita: maoni ya mwalimu, machache na mapema

Sasa chukua rasimu hizo wewe. Dakika nne kwa kila moja. Kwa wanafunzi 140 ni saa tisa na dakika 20, kazi ya siku mbili badala ya wiki nzima. Andika mambo matatu tu: mahali palipokufundisha kitu, swali moja juu ya hoja, na aina moja ya kosa la lugha.

Epuka "fafanua", "haieleweki" na alama za kuuliza zinazoelea pembeni. Mwanafunzi hajui afanye nini nazo. Maoni yanayofaa yanafanana na haya: "Umesema saluni nyingi zina majina ya Kiingereza. Hapo nilitaka kujua: na maandishi ya bei ndani yake? Kama ni ya Kiswahili, hoja yako inageuka." Hayo yanampeleka barabarani tena.

Kuhusu makosa ya lugha, nimejifunza mengi kwa Mina Shaughnessy. Chuo cha City College, New York, kilipofungua milango yake kwa upana mwaka 1970, waliingia maelfu ya vijana ambao wengi waliwaona hawafai. Shaughnessy alizisoma insha zao zipatazo 4,000, na mwaka 1977 akachapisha alichokiona: makosa yale yana mantiki. Hayatawanyiki ovyo. Kila mwandishi ana kanuni zake, na baadhi ya kanuni hizo ni potofu.

Jaribu kuangalia makosa ya wanafunzi wako kwa jicho hilo. Anayeandika "kwasababu" na "kwaajili ya" anaandika anachokisikia. Mdomoni ni neno moja. Anayeandika "uwa" badala ya "huwa", na "hambaye" badala ya "ambaye", ametoka mahali ambapo h haisikiki, naye ameambiwa kwamba anaisahau, basi anaipachika popote. Anayechanganya l na r huenda lugha yake ya kwanza haitofautishi sauti hizo. Hawa ni watu watatu wenye matatizo matatu. Ukizungushia duara jekundu kila kosa, wote watapata karatasi inayofanana na jeraha na hakuna atakayeiona kanuni yake.

Kwa hiyo taja aina moja, toa mfano mmoja uliosahihishwa, kisha kwenye mistari mingine weka alama ya vema pembeni palipo na kosa la namna hiyo bila kulionyesha. Alitafute mwenyewe. Richard Haswell, mwalimu wa Marekani, aliieleza mbinu hii ya alama ya pembeni mwaka 1983. Mwanafunzi hugundua kwamba mengi aliyoyakosea anayajua, alikuwa hajayatazama. Yanayobaki baada ya hapo ndiyo ya kufundisha, na kama yako kwa wengi, yape dakika kumi za mwanzo wa kipindi kinachofuata.

Hatua ya saba: kuandika upya

Mwaka 1980 Nancy Sommers aliwalinganisha wanafunzi wa chuo na waandishi wazoefu nchini Marekani. Wanafunzi waliporekebisha, walibadilisha maneno. Wazoefu waliitafuta upya hoja yenyewe, wakiyahamisha na kuyatupa mafungu mazima. Wanafunzi wangu nao, wakiambiwa waandike upya, hubadilisha "pia" kuwa "vilevile" na kuichapa tena.

Waonyeshe kwa macho maana ya kuandika upya. Hii ni aya ya mfano, niliyoitunga kwa kufuata nyingi ninazozisoma:

"Vibao ni maandishi yanayowekwa nje ya duka kwa lengo la kutoa taarifa. Hivyo basi suala zima la matumizi ya lugha katika vibao ni suala muhimu sana katika jamii yetu ya leo. Katika utafiti wangu niliona kuwa lugha ya Kiswahili, Kiingereza na mchanganyiko zilitumika."

Na hii ni rasimu ya pili:

"Kutoka kituo cha daladala hadi sokoni nilihesabu vibao 62. Vya Kiingereza kitupu vilikuwa 11 tu. Vya Kiswahili kitupu vilikuwa 23, na 28 vilivyobaki vilichanganya, lakini kwa mpango: jina la duka kwa Kiingereza, huduma na bei kwa Kiswahili. Mwenye duka anatafuta hadhi juu na mteja chini."

Waulize kipi kimehama. Data iliyokuwa imefichwa mwishoni imekuja mbele, fasili imeondoka, na sentensi ya mwisho inasema jambo ambalo mtu anaweza kulipinga. Hakuna kisawe kilichobadilishwa.

Kisha wafanye zoezi hili kwenye rasimu zao: pembeni ya kila aya waandike kwa maneno yasiyozidi kumi kazi ya aya hiyo. Wasome maneno ya pembeni peke yake, kuanzia juu hadi chini. Penye kurukaruka, aya zihamishwe. Aya isiyo na kazi iondoke, hata kama ni nzuri. Hapo wengine huumia, na ni haki yao kuumia, wape muda.

Vyanzo, desa na akili mnemba

Wizi wa kitaaluma mara nyingi ni kutojua namna ya kusema jambo la mtu mwingine kwa maneno yako. Fundisha hivi: soma ukurasa, funga kitabu, mweleze jirani, andika ulichomweleza, kisha fungua kitabu uhakikishe na uweke chanzo. Mara tatu darasani inatosha kwa wengi.

Akili mnemba nayo imo mifukoni mwao wote. Inaandika Kiswahili laini kuhusu umuhimu wa lugha katika jamii, lakini haikutembea barabara ya soko la Babati. Ukidai daftari la vibao, rasimu ya mkono, maneno ya pembeni na dakika mbili za mwanafunzi kueleza kazi yake mbele ya kundi, umeshalipunguza tatizo kwa sehemu kubwa. Usimwadhibu mtu kwa kutegemea programu za kugundua maandishi ya mashine peke yake. Programu hizo hukosea, na mwanafunzi anayetuhumiwa kwa sentensi aliyoihangaikia usiku kucha hataandika tena kwa moyo.

Alama

Kwenye alama 40 za tathmini endelevu, mimi hugawa hivi: 5 za daftari, 10 za rasimu na kusomeana, 25 za nakala ya mwisho. Nakala hiyo naisoma haraka, kwa kuwa tayari naijua.

Ukiwa na wanafunzi 300 na saa moja kwa wiki

Usijaribu hatua zote. Anza na swali zuri na kusomeana. Hivyo viwili havikuongezei karatasi za kubeba nyumbani, na wanafunzi wanaweza kuviendesha wenyewe kwenye semina baada ya kuonyeshwa mara mbili. Waombe viongozi wa darasa wapange makundi ya wanne mapema na kuyabandika ukutani. Hakikisha kila mwanafunzi amekuja na nakala ya rasimu, hata ya mkono. Utahitaji chumba ambacho viti vyake vinahamishika. Kama vimefungwa sakafuni, watoe nje, wakae chini ya miti, wanne wanne, na uzunguke ukisikiliza wanavyosoma.